Hivi matajiri ndo wanaamua uchaguzi, chama chochote kile?

Kipanga_Jr:
Wakuu salama? Kuna kitu kinanisumbua. Nafuatilia siasa za Marekani muda sasa na naona kila chama kikiingia, mambo ya matajiri hayaguswi. Chukua ule unafuu wa kodi wa mameneja wa mifuko ya uwekezaji, wale mgao wao wa faida unatozwa kodi ndogo kama ya faida ya mtaji badala ya kodi ya kipato cha kawaida. Obama aliahidi kuufuta. Trump 2016 naye akaahidi, ilipokuja sheria ya kodi ya 2017 wakaishia kusema tu ili upate unafuu huo mali ishikiliwe zaidi ya miaka 3, basi. 2022 Democrats wakajaribu, seneta wao mmoja Kyrsten Sinema akagoma na kipengele kikatolewa. Sasa hapo mtu anapiga kura kuchagua nini? Vita vya panzi furaha ya kunguru, au mimi ndo sielewi? Matusi sitaki.

Dalali wa Hoja:
Mleta mada unakuza mambo. Bilionea Bloomberg alipoutaka urais 2020 kupitia mchujo wa Democrats alimwaga zaidi ya dola bilioni 1 za mfukoni kwake, akaambulia ushindi American Samoa peke yake, visiwa vidogo tu 😂. Hillary Clinton 2016 alitumia hela nyingi kuliko Trump, akapigwa. Na 2025 bilionea Elon Musk katia mamilioni uchaguzi wa jaji wa mahakama ya juu Wisconsin, mtu wake kaanguka vizuri tu. Hela ingekuwa inanunua kura hao wote si wangeshinda?

nyundo_baridi:
Mkono mtupu haulambwi. Nimemaliza.

mama_Nuru:
Dalali umejibu swali ambalo hajauliza. Hajasema tajiri ananunua kura yako, anauliza mbona akishinda huyu au yule matokeo ni yale yale. Mi naona hela inafanya kazi kabla ya siku ya kura na baada, siku yenyewe ya kura wala haina haja nayo sana. Kabla, kwa sababu mgombea asiye na wafadhili hata humsikii, anakufa kimya kimya huko kwenye mchujo, kwahiyo wewe unaletewa majina mawili ambayo yote yameshapita kwa wenye hela halafu unaambiwa haya chagua, uko huru. Baada, kwa sababu simu ya mfadhili inapokelewa, yako inaenda kwa karani. Trump mwenyewe alilisema hili kwenye mdahalo wa 2015, kwamba alikuwa anawachangia wanasiasa wa pande zote, na Hillary alikuja harusini kwake maana hakuwa na namna, kachangiwa. Mtu anayechangia pande zote mbili hana shida na nani ashinde jamani.

Ila nisiseme uongo, kuna utafiti maarufu wa Gilens na Page wa 2014 watu wanaupenda sana, unaosema maoni ya mwananchi wa kawaida yana uzito karibu na sifuri. Wasomi wengine waliujibu kwamba mara nyingi tajiri na mtu wa kati wanataka kitu kile kile, kwahiyo tusiubebe kama msahafu.

Dalali wa Hoja:
Hapo kwenye mchujo nakupa. Lakini Musk kaanguka bado 😅

Bahari_Shwari:
Mnaongelea Marekani kama ndo dunia nzima. Kule mahakama ilifungulia bomba 2010, makampuni yakaruhusiwa kutumia bila kikomo ilimradi wasimkabidhi mgombea mkononi. Uingereza matangazo ya siasa ya kulipia kwenye TV ni marufuku. Ufaransa makampuni hayaruhusiwi kuchangia tangu 1995, na rais wao wa zamani Sarkozy alitiwa hatiani 2021 kwa kuvuka kikomo cha matumizi ya kampeni ya 2012. India mahakama ya juu ilifuta 2024 ule mfumo wa hati za kuchangia vyama kwa siri. Kwahiyo inategemea sheria. Ingawa Berlusconi, tajiri aliyekuwa waziri mkuu kule Italia, hakuhitaji kununua tangazo, TV zilikuwa zake.

Kipanga_Jr:
Nashukuru wakuu, mama_Nuru hasa. Kuna kitu nimekumbuka, Florida 2020 siku ile ile waliyompa Trump jimbo, zaidi ya asilimia 60 wakapitisha kima cha chini cha mshahara kipande hadi dola 15 kwa saa. Kile cha taifa kimeganda 7.25 tangu 2009, na hapo vyama vyote viwili vimeshashika ikulu na bunge. Dalali hii nayo unaijibuje?