Mashine ya kukereza: ya kuundiwa na fundi wa kuchomelea Tabora au ndogo ya dukani?

Kinu_Tabora: Wakuu, nataka kukereza, yaani mti unazungushwa na mashine huku unauchonga kwa patasi: miguu ya meza na vitanda, baadaye mabakuli. Fundi wa kuchomelea hapa Ipuli anaweza kuniundia ya vyuma vya engo na mota. Au niagize Dar ile ndogo ya chuma cha kumimina? Ipi?

Fundi_Mwanga (Kigoma): Pima mguu kwanza, mkuu. Meza ya kulia ina kimo cha sentimita 75 hivi, na nyingi ya hizo ndogo, kati ya ncha mbili zinazoshika mti, hazizidi 45. Utaunga mguu katikati? Ya engo urefu unapanga mwenyewe. Ubaya wake ni wepesi, inatetemeka. Ilaze mifuko ya mchanga miguuni au ifunge kwenye zege.

Msasa80: Napinga. Mguu unashikwa ncha mbili, mtetemo kidogo unavumilika. Bakuli linashikwa upande mmoja tu, kwenye sahani ya chuma yenye skrubu. Mhimili, ile shafti inayozungusha mti, ukicheza, patasi inanasa na gogo linakurukia kifuani. Beringi zikichomelewa upogo hupati bakuli, unapata kuni.

Kinu_Tabora: Na mwendo wake?

Fundi_Mwanga: Mota nyingi za kawaida ni kama mizunguko 1,400 kwa dakika. Kwa mguu mwembamba sawa, kwa bakuli kubwa ni hatari. Wakereza wengi huzidisha kipenyo kwa inchi na mizunguko, jibu libaki kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 10 basi ni 600 hadi 900. Weka puli ya inchi 3 kwenye mota na ya inchi 6 kwenye mhimili, umeshuka hadi 700. Ukipata puli za ngazi, zenye vipenyo kadhaa kwenye puli moja, unahamisha mkanda tu kubadili mwendo.

Mama_Randa (Urambo): Mnagombania mashine, patasi hakuna aliyeitaja! Msinoe tupa kuukuu mkaifanya patasi. Chuma chake kigumu lakini kinakatika ghafla, kipande kinakuja usoni. Mpelekee mhunzi springi ya gari. Mbao anza na mninga, unakerezeka vizuri na haujipindi sana ukikauka. Vumbi lake lakini linawasha pua, vaa barakoa.

Kinu_Tabora: Basi ya engo kwa miguu. Mabakuli yatasubiri.

Msasa80: Sawa, ila beringi nunua mpya. Na ukiwasha, usivae mikono mirefu inayoning'inia.