Dashibodi ya alumini na rimu za inchi 15 kwenye gari la kujiundia: nianzie wapi?

ChasiWazi

Wakuu, naomba ushauri kabla sijatoboa kitu. Gari ni la kujiundia, mtindo wa Lotus Seven: chasi ya mabomba, bodi ya mbele na madigadi ya faibaglasi. Injini, giaboksi, habu (vitovu vya magurudumu) na breki vimetoka kwenye Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, 1.6. Likikamilika litakuwa na uzito wa karibu kilo 600.

Kwanza dashibodi. Nina bati la alumini la mm 2. Nataka spidomita na takomita (geji ya mizunguko ya injini) za mm 100, halafu geji nne za mm 52: mafuta, joto la maji, presha ya oili na volti. Zote ni mpya, za umeme. Bati nitalifunika kwa reksini nyeusi juu ya sponji nyembamba.

Pili rimu. Zilizopo ni 14 × 5.5 (kipenyo na upana kwa inchi), ET45 (uso unaokaa kwenye habu uko mm 45 nje ya katikati ya upana wa rimu), zenye tairi 185/60R14 (upana mm 185, kimo cha ubavu asilimia 60 ya upana, rimu inchi 14). Nimepata nyingine za 15 × 7, ET30, matundu 4 × 100 (manne kwenye duara la mm 100), tundu la katikati mm 67.1, na nitazivisha 195/50R15. Nimejaribu moja, imeingia kwenye stadi (boliti za habu) vizuri. Hiyo inatosha kusema zinafaa?

---

Torki_Kamili

Haitoshi, mkuu. Matundu kuingia kwenye stadi ni kipimo kimoja tu kati ya vitano au sita. Anza na hesabu ya mahali rimu itakapokaa.

Rimu ya zamani: inchi 5.5 ni mm 139.7, nusu yake mm 69.9. Kutoka uso wa habu kwenda ndani ni nusu ya upana jumlisha ET, yaani 69.9 + 45 = 114.9. Kwenda nje ni nusu toa ET: 24.9.

Rimu mpya: inchi 7 ni mm 177.8, nusu mm 88.9. Ndani 88.9 + 30 = 118.9. Nje 88.9 − 30 = 58.9.

Kwa hiyo ndani inasogelea suspensheni kwa mm 4 tu, ila nje inatoka kwa mm 34 kila upande. Madigadi ya mbele ukiyafunga kwenye bracketi inayogeuka na gurudumu, utayasogeza. Ya nyuma yameshikana na bodi, na hapo ndipo tairi litachungulia nje na kukurushia mawe ubavuni. Pia katikati ya rimu imetoka nje kwa mm 15. Hiyo inaongeza mzigo kwenye bearingi ya nje, na usukani utavuta zaidi gurudumu moja likigonga shimo.

Kama hujalipa, tafuta 15 × 6.5 yenye ET38. Inatoka nje mm 20 na kuingia ndani mm 6 hivi. Kwa gari la kilo 600, upana huo wa tairi unatosha kabisa. 195/50R15 inakubali rimu za kuanzia inchi 5.5 hadi 7, kwa hiyo kwenye 7 uko ukomoni na kwenye 6.5 umetulia.

Kipenyo cha tairi hakina shida. 185/60R14 ni mm 578, 195/50R15 ni mm 576. Tofauti ni asilimia 0.3, spidomita haitaiona.

Tundu la katikati: habu ya MX-5 ni mm 54.1 na rimu yako ni 67.1. Weka ringi za kujaza pengo, 67.1 kwa 54.1. Zisipokuwepo, rimu hukaa katikati kwa hisani ya nati tu. Nati moja ikitangulia kukazwa gari likiwa chini, rimu inahama kidogo na mtetemo unatokea kwenye mwendo kasi. Watu hubalansi tairi mara tatu wakati kosa liko kwenye habu.

Nati: stadi ni M12 × 1.5. Angalia kiti cha nati kwenye rimu kama ni koni ya digrii 60 au ni cha mviringo kama mpira. Nati ya koni kwenye kiti cha mviringo hugusa kwenye mstari mwembamba tu. Itakaza vizuri leo na kulegea kesho. Nati iingie kwenye uzi angalau mizunguko 8 kamili, maana mizunguko 8 × 1.5 ni mm 12, sawa na unene wa stadi. Ikipungua hapo, badilisha stadi ziwe ndefu.

Torki ya Mazda ni Nm 88 hadi 118. Kaza kwa mtindo wa msalaba, gurudumu likiwa hewani kwanza, kisha spana ya torki gari likiwa chini. Uzi uwe safi na mkavu. Ukipaka grisi, torki ileile inavuta stadi zaidi ya ilivyokusudiwa. Rudia kukagua baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kabla ya tairi kuvishwa, funga rimu tupu ukiwa umebandika plastisini juu ya kalipa, izungushe kwa mkono, kisha kata plastisini upime unene uliobaki. Spoku za rimu nyingine hujipinda ndani na kugusa kalipa hata kama kipenyo kinaruhusu. Baada ya tairi kuvishwa, toa springi kwenye shokabsoba, inua kila gurudumu kwa jeki mpaka suspensheni ifike mwisho wa juu, na ugeuze usukani pande zote mbili. Mimi nisingekubali pengo chini ya mm 10 popote. Jaribio hili ndilo watu wanaliruka zaidi, na ndilo linaloonyesha tairi likikwaruza bomba la breki.

---

Bati_na_Gundi

Rimu mmejibiwa. Upande wa dashibodi, bati liwe la mwisho kukatwa. Kata kwanza kadibodi ngumu ya umbo lilelile, chora miduara, ifunge mahali pake, kisha kaa kwenye kiti chako halisi, mkanda umefungwa na usukani umewekwa. Usukani mdogo wa gari la aina hii huficha sehemu kubwa ya bati, na geji iliyopendeza mezani inaweza kuwa nyuma ya ukingo wa usukani kabisa. Spidomita na taa za kuonya zionekane bila kuinamisha kichwa. Takomita ninapendelea izungushwe ili eneo jekundu liwe juu; geji ni ya mviringo, hailazimiki kukaa wima.

Geji ya mm 52 huwa na ukingo wa nje unaokaribia mm 60, kwa hiyo umbali kati ya katikati na katikati uwe mm 70. Kwenye mm 65 zinaenea, ila vidole havipati nafasi ya kukaza nati za bracketi kwa nyuma. Pima pia kina: urefu wa geji pamoja na mm 30 za plagi na kona ya waya. Nyuma ya dashibodi kuna bomba la chasi na mara nyingi mota ya waipa, na hivyo havihami.

Kutoboa: tundu la mwongozo mm 6, kisha msumeno wa duara wa chuma. Kwa mm 100 drili iende polepole, isizidi mizunguko 250 kwa dakika, ukidondoshea mafuta ya taa. Alumini ikipata moto inayeyukia kwenye meno na kuanza kurarua. Bana bati kati ya vipande viwili vya plaiwudi, la sivyo litajikunja kwenye ukingo wa tundu na reksini itaonyesha kila wimbi.

Sasa jambo linaloharibu kazi nyingi: reksini inakunjwa kuingia ndani ya tundu. Ikiwa na unene wa mm 1, inakula mm 2 ya kipenyo. Kwa hiyo tundu la geji ya mm 52 likate mm 54 au ulipanue kwa faili, ila hakikisha ukingo wa geji bado unafunika. Usipofanya hivyo geji itaingia kwa kulazimishwa, na kioo cha mbele kinaweza kupasuka unapokaza bracketi.

Sponji ya mm 3 inatosha. Kwaruza bati kwa msasa wa 120, futa kwa spiriti, paka gundi ya kontakti inayohimili joto pande zote mbili, subiri mpaka isinate kwenye kidole (dakika 10 hadi 15), kisha bandika ukianzia katikati kwenda kingoni. Gundi ya kawaida ya kupuliza inaachia dashibodi ikipigwa jua, na inaanzia kwenye mbonyeo. Penye kona, pasha reksini kwa hewa moto uivute taratibu. Kwenye matundu, kata nyota, acha ulimi wa mm 10, kunja nyuma na ubandike.

Chagua reksini isiyong'aa. Inayong'aa inajiakisi kwenye kioo cha mbele na usiku inasumbua macho.

---

WayaMweusi

Umeme wa geji kwenye gari la faibaglasi una adui mmoja: athi, yaani njia ya umeme kurudi betri. Bodi haipitishi umeme, chasi imepakwa rangi ya unga, na bati lako litakuwa limefunikwa gundi. Vuta waya mweusi wa mm² 1.5 kutoka betri hadi nyuma ya dashibodi, ugawe kwa kila geji. Tangi nalo lipewe waya wake wa athi. Ukiona mshale wa joto unapanda kila unapowasha taa kubwa, usibadilishe sensa. Athi inapita njia isiyo yake.

Sensa za joto na oili zenye waya mmoja hupata athi kupitia uzi wake kwenye injini. Tepu nyeupe ya mabomba ikizungushwa kwa wingi inaikata. Acha uzi wa kwanza na wa mwisho bila tepu.

Usidhani sensa ya Mazda itaelewana na geji mpya. Geji za mafuta za VDO kwa kawaida zinatarajia ohm 10 tangi likiwa tupu na 180 likijaa. Za kawaida ya Kimarekani ni 240 tupu na 33 likijaa, kinyume kabisa, na mshale utaonyesha tangi limejaa wakati umebaki na harufu. Toa sensa ya tangi, pima kwa multimita boya likiwa chini na likiwa juu, ndipo uamue. Kwa joto na oili, nunua sensa iliyotengenezwa pamoja na geji.

Takomita: injini hii inatumia koili zinazochoma silinda mbili kwa pamoja. Kila koili inapiga mara moja kwa mzunguko, wakati geji iliyowekwa silinda 4 inasubiri mapigo mawili. Ukichukua waya kwenye koili moja utaona nusu ya mizunguko. Tumia waya uliokuwa unalisha takomita ya asili.

Spidomita ya asili ilikuwa ya kebo. Yako ya umeme inahitaji sensa ya kufunga pale kebo ilipotokea kwenye giaboksi, au sensa ya sumaku kwenye boliti za shafti.

Geji zote zipitie fyuzi moja ya ampea 5, waya wa mm² 0.75, na soketi kubwa moja ya kuchomoa. Acha sentimita 30 za ziada ili bati liweze kutolewa na kulazwa juu ya usukani.

---

ChasiWazi

Asanteni sana. Maswali mawili ya mwisho. Taa ya chaji nataka iwe LED kama nyingine, kuna tatizo? Na nikichukua 15 × 6.5 za ET45, naweza kuziwekea spesa (bamba la kujaza kati ya rimu na habu) za mm 7 kufikia ET38?

---

WayaMweusi

LED peke yake hapana. Altaneta nyingi huamshwa na umeme unaopita kwenye balbu hiyo ya wati 2.2, karibu milliampea 180. LED inapitisha kidogo mno, na altaneta inaweza isianze kuchaji mpaka ukanyage mafuta sana, au isianze kabisa. Funga rezista ya ohm 68, wati 5, sambamba na LED. Inapata joto ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa, kwa hiyo isiguse reksini wala mafungu ya waya.

---

Torki_Kamili

Spesa za mm 7 zinawezekana kwa masharti. Hesabu mizunguko ya nati upya. Mm 7 zinakula karibu mizunguko 5, kwa hiyo stadi ndefu ni lazima. Shingo ya habu inayoshika ringi nayo inamezwa, hivyo spesa iwe na shingo yake yenyewe. Kuweka spesa mbili juu ya nyingine, usifanye.

Ukipeleka rimu kupakwa rangi ya unga, waambie wazibe viti vya nati na uso unaokaa kwenye habu. Rangi hapo inajibana polepole, na torki inapotea bila nati kuzunguka.

Upepo wa tairi usifuate kibandiko cha MX-5. Kwa kilo 600 anza psi 18 hadi 20 tairi likiwa baridi.

---

Bati_na_Gundi

Kabla ya kuagiza swichi: kama gari litapita ukaguzi unaofuata Kanuni za Umoja wa Mataifa, Namba 21 inataka kingo zilizo ndani ya eneo la dashibodi linaloguswa na mpira wa mm 165 ziwe na mviringo wenye nusu kipenyo cha angalau mm 2.5. Bati la mm 2 haliwezi kufikia hapo lenyewe. Ukingo wa chini ukunje kuzunguka bomba la angalau mm 38, maana hapo inatakiwa nusu kipenyo cha angalau mm 19. Swichi za kijiti cha chuma ndizo hukwama zaidi kwenye ukaguzi. Chukua za kubonyeza zilizo bapa. Na kwenye rimu, Namba 26 inakataza nati zenye mabawa.