Naomba ushauri: tamthilia za mapenzi za Kichina zenye sauti halisi za waigizaji

Wakuu, natafuta tamthilia za Kichina ambazo waigizaji wameachiwa sauti zao. Nyingi, hasa za mavazi ya kale zinazopigwa Hengdian (eneo kubwa la studio za filamu huko China), huingiziwa sauti za watu wengine studio: eneo la kurekodia lina kelele, lafudhi hazilingani, na mazungumzo huweza kubadilishwa baada ya kamera kuzimwa. Matokeo yake uso unalia, sauti inasoma. Kupima, funga macho dakika mbili. Kama pumzi hazisikiki kabla ya sentensi na kila mtu anaongea kama mtangazaji wa redio, hapo kuna mtu wa pili.

Kwa Wakorea tatizo hili ni nadra. Kule kinachopotea ni heshima kwenye tafsiri: mhusika akiacha "-yo" (kiishio cha heshima cha Kikorea) mwishoni mwa sentensi, ukaribu umebadilika, lakini maandishi ya chini hayaonyeshi kitu. Wasiosikiliza ndio husema mapenzi "yameanza ghafla".

Sasa, nani ana majina? Ziwe za kisasa, vipindi visizidi 30, na ugomvi usitegemee simu ambayo haikupokelewa (tumechoka nao huo). Taja na kipindi ambacho mwigizaji anaanza kukolea.