Mrejesho: kigari kinachomwezesha mtoto kumtazama mzazi

Nilipouliza kama nichukue kigari cha kumsukumia mtoto chenye mpini unaopinduliwa au chenye kiti kinachochomolewa na kugeuzwa, wengi mlinishauri kiti, nami baada ya kuvijaribu vyote viwili dukani Kariakoo nimekubaliana nanyi. Mpini ukipinduliwa ili mtoto akutazame, magurudumu yanayogeuka kulia na kushoto hubaki upande wako na yale yasiyokata kona hutangulia, hivyo kukiongoza kigari unapopinda huwa kugumu, kazi inayochosha mikono upesi. Nilichonunua kina vitufe viwili ubavuni: unavibonyeza kwa pamoja, unakinyanyua kiti, unakigeuza na kukipachika hadi usikie mlio. Ni kizito, na hakikunjiki kiti kikiwa kimenielekea, kero tupu kwenye bajaji. Ila binti yangu akicheua namwona papo hapo.