Disney Fantasy au Icon of the Seas? Naomba ushauri, kianzio kinatakiwa Ijumaa

BabaWawili
Wakuu, habari zenu. Mimi na mke wangu tumeamua kuwapeleka watoto kwenye meli ya kitalii, safari ya usiku 7. Tumechuja mpaka zimebaki mbili: Disney Fantasy, na Icon of the Seas ya Royal Caribbean. Wakala ametushikia nafasi kote kuwili hadi Ijumaa. Kinachonivuta hasa ni zile siku meli haigusi bandari yoyote, watoto wanashinda humo humo na wahusika wao wa katuni. Ipi ina siku nzuri zaidi ya baharini? Karibuni.

MamaPacha
Baba, swali zuri lakini ya muhimu yote umeyaacha. Watoto wana umri gani? Urefu je? Mnasafiri mwezi gani? Chumba cha ndani au chenye baraza? Usipoyasema hayo kila mtu atakupa ushauri wa familia yake.

Shangazi_T
Disney, na wala usisumbuke kulinganisha. Nimepanda Fantasy na wanangu na nitakuambia kitu kimoja tu. Kuna mgahawa mle unaitwa Animator's Palate. Unakaa mezani unapewa karatasi na kalamu, unachora mtu. Basi, karatasi zinakusanywa, mnaendelea kula. Baadaye skrini zinawaka na yule mtu uliyemchora anatokea anatembea na kucheza na katuni za Disney. Binti yangu alikuwa amechora kichwa kikubwa na miguu miwili kama njiti, mikono kasahau kabisa. Kilipotokea kile kichwa kinacheza hakupiga kelele wala hakuruka. Aliweka uma chini, akanishika mkono, akaninong'oneza, "Mama, yule wangu." Siwezi kusahau. Niambieni meli nyingine inayofanya hivyo.

Mawimbi
Shangazi, nakuheshimu, ila hapo umesifia chakula cha jioni moja. Mwenzetu anauliza siku nzima. Icon ni meli ya urefu wa mita 365 hivi, ina sitaha 20, mabwawa 7, na bustani ya maji yenye mateleza 6. Kuna eneo zima linaitwa Surfside kwa ajili ya wenye watoto wadogo: bwawa lao, michezo yao, chakula chao, na wazazi wamekaa palepale wanawaona. Hamna haja ya kupanda na kushuka lifti kutwa nzima mmebeba mataulo.

Shangazi_T
Na watu je? Icon ikijaa inabeba abiria 7,600. Fantasy inabeba kama 4,000. Siku ya bandari watu wengi wanashuka, lakini siku ya baharini wote mko ndani. Hapo ndipo utajua bwawa ni lako au ni la umati.

Mawimbi
Ukubwa wa meli nao uhesabu. Watu wengi kwenye nafasi kubwa si sawa na watu wengi kwenye nafasi ndogo. Mabwawa ya familia ya Fantasy siku ya baharini saa sita mchana nimeyaona kwa macho yangu, watoto wamesimama bega kwa bega, hakuna anayeogelea. Anayetaka kuteleza AquaDuck aende asubuhi mapema au wakati watu wanakula, la sivyo atakula jua kwenye foleni.

BabaWawili
Samahanini, nilikuwa kazini. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 6, urefu sentimita 109. Wa pili ni binti, sasa ana miaka 2 na nusu. Tunasafiri mwezi wa pili. Chumba bado hatujachagua, wakala anasema cha ndani kitatupunguzia gharama sana. Hiyo AquaDuck ni nini?

Mawimbi
Ni bomba la maji la kuonea nje, urefu kama mita 233, linazunguka juu ya sitaha na mahali pamoja linatokeza nje ya ubavu wa meli, chini yako bahari tupu. Urefu wa chini ni inchi 42, yaani sentimita 107, kwa hiyo kijana wako anapita kwa kidole. Ila kwa umri na urefu wake haruhusiwi kupanda peke yake, utakaa naye. Kule Icon yapo mateleza yanayodai urefu zaidi ya huo.

MamaPacha
Swali kubwa ni la binti. Siku mnapong'oa nanga atakuwa ametimiza 3 au bado? Kampuni zote mbili zinapokea watoto kwenye klabu ya bure kuanzia miaka 3, na lazima awe ameshaacha nepi. Chini ya hapo ni chumba cha wachanga, ambacho kinalipiwa kwa saa na nafasi zake zinaisha mapema. Na mtoto wa nepi haruhusiwi kwenye mabwawa ya meli hizi, hata akiwa na ile nepi maalumu ya kuogelea. Ana sehemu yake ya maji ya kurushwarushwa tu. Fantasy wanayo, Icon wanayo. Ukijua mapema unamwandaa. Usipojua, mtoto ataona kaka yake yuko majini, yeye anazuiwa mlangoni, na kilio chake mtakisikia mpaka chumbani.

BabaWawili
Anatimiza 3 wiki mbili baada ya safari.

MamaPacha
Basi sogeza safari kama wakala anaweza. Wiki mbili hizo zitawabadilishia kila kitu.

Mawimbi
Hapana, tusimtishe mwenzetu. Mtoto wa miaka 2 na wazazi wake atafurahi bila klabu yoyote. Isitoshe, hivi mnasafiri na watoto ili mkawaweke klabu? Siku ya baharini ndiyo siku pekee baba hana simu ya kazi. Kaa na wanao.

MamaPacha
Mdogo wangu, wewe una watoto wangapi? Nimelea mapacha. Saa mbili za klabu baada ya chakula cha mchana zimeniwezesha kuwa mama mwenye uso mkunjufu jioni. Na watoto wenyewe wanaililia hiyo klabu. Wanavishwa bangili, wanaandikishwa wakiingia na wakitoka, hakuna mtu anayewachukua ila mzazi. Huko si kuwatupa.

Mawimbi
Sijasema kuwatupa, dada. Nimesema ziada iwe ziada.

DadaMkubwa
Naomba niingie hapa kwa sababu naona wote mnazungumzia mabwawa na klabu, na hakuna aliyegusa chumba. BabaWawili umesema cha ndani, bei nafuu. Soma yaliyotukuta sisi halafu uamue. Kampuni siitaji, maana si hizi mbili na kosa lilikuwa letu pia.

Tulipanga safari kwa ajili ya siku moja tu ya sherehe baharini, meli nzima inapambwa, wahusika wanatembea kila sitaha, usiku kuna onyesho juu. Mwanangu, miaka 7, alihesabu siku kwenye kalenda ya ukutani miezi mitano. Vazi lake tulishona, joho jekundu lenye vifungo vya dhahabu. Tukachukua chumba cha bei ya chini kabisa kilichobaki, mbele kwenye omo, sitaha ya juu. Hatukujua maana yake.

Usiku wa kuamkia sherehe upepo ulianza. Ukiwa mbele kule kila wimbi unainuliwa, unakaa juu kidogo, halafu kitanda kinakukimbia. Saa tisa usiku mtoto alitapika. Saa kumi tena. Asubuhi nikapiga simu zahanati ya meli kuomba dawa ya kulevywa na bahari, na nikasema ukweli kwamba ametapika mara mbili. Muuguzi alikuja amevaa glavu. Akaniuliza kama ameharisha, nikasema mara moja. Akaniambia kwa upole kwamba kwa dalili hizo hawawezi kujua kama ni bahari au ni norovirus, vile virusi vya kutapika na kuharisha vinavyoambukiza haraka, kwa hiyo mtoto hatatoka chumbani mpaka zipite saa 24 bila dalili, na mzazi mmoja abaki naye.

Siku nzima tulikuwa humo. Chumba hakina dirisha. Muziki tuliusikia kupitia dari. Lile joho nilikuwa nimelitundika kwenye ndoano ya mlango tangu jana yake, na mchana kutwa lilikuwa likienda kushoto, likirudi kulia, taratibu, na mtoto amelala ubavu analitazama. Jioni aliamka mzima kabisa, ana njaa. Akaniomba twende juu dakika tano tu tuone. Nilimkatalia, na nilifanya sawa, watoto wa wenzangu wako kule. Lakini sherehe ilikuwa ile moja tu, hairudiwi. Siku iliyofuata wapambaji walikuwa wameshaondoa kila kitu.

Ndiyo maana nasema, kabla ya kuuliza meli ipi, uliza chumba kiko wapi.

Serahangi
Pole sana dada. Nimefanya kazi ya sitaha kwenye meli za abiria miaka mingi, na ulichosema ni sahihi kabisa. Meli hizi zina mapezi yanayotokeza chini ya maji kwenye kila ubavu, kutuliza kuyumba. Yanasaidia sana kwa kuyumba kwa ubavu, kushoto kulia. Kuinuka na kuzama kwa omo hayawezi kukuondolea. Kwa hiyo fikiria pembea ya ubao ya watoto, ile ya kupanda na kushuka: mwenye kukaa katikati hasogei sana. Chukua chumba katikati ya meli, sitaha za chini. Cha ndani hakina ubaya wowote kikiwa hapo. Pia tazama ramani ya sitaha ujue juu ya kichwa chako kuna nini. Chini ya bwawa utasikia viti vikiburutwa alfajiri.

Na Baba, mwezi wa pili pepo za baridi zinashuka kutoka kaskazini mpaka Florida na Bahama. Si kila wiki, ila zipo. Icon ni kubwa zaidi, itaitikia wimbi kidogo kuliko Fantasy, lakini hakuna meli isiyoitikia.

Shangazi_T
Vyumba vya ndani vya Fantasy vina dirisha la skrini la duara linaloonyesha bahari moja kwa moja kutoka kamera za nje, na mara moja moja katuni inapita. Kwa mtoto aliyefungiwa chumbani si haba.

DadaMkubwa
Asante Shangazi. Hilo lingetusaidia siku ile.

MamaPacha
Kwenye hiyo norovirus niongeze: ile jeli ya mikono ya mlangoni mwa bafe isiwadanganye. Virusi hivyo jeli ya spiriti haiviwezi vizuri. Sabuni na maji ya bomba, kila mara kabla ya kula.

Mawimbi
Jeli ni bora kuliko kutonawa.

MamaPacha
Hakuna aliyesema msinawe. Nimesema sabuni kwanza.

BabaWawili
DadaMkubwa, nimesoma mara mbili na nimemsomea mke wangu. Tutatafuta chumba cha katikati hata ikibidi kuongeza. Sasa hiyo sherehe ya siku moja, Disney Fantasy huwa nayo kila safari?

Shangazi_T
Hapana, na hapa sikiliza vizuri. Disney wamekuwa na siku maalumu za baharini: ya Star Wars ilianza 2016 humo humo Fantasy, ya Marvel ilianza 2017 kwenye Disney Magic, na ya Pixar ilianza 2023, pia Fantasy. Lakini ni safari teule tu, kwa kawaida mwanzoni mwa mwaka, na meli hubadilishwa. Mwezi wenu wa pili unaweza kuangukia humo au kukosa kwa wiki moja. Mwulize wakala kwa tarehe, akujibu kwa maandishi. Wahusika wa kawaida wapo safari zote, usijali. Na baadhi ya foleni zao unakata nafasi mapema kwenye programu ya simu, bila malipo.

Mawimbi
Uulize pia soda. Kwa Disney soda za mezani na za mashine ya sitahani zimo kwenye nauli. Icon unalipia au unanunua kifurushi. Nimeona nitende haki.

Shangazi_T
Na Disney hawana kasino. Mimi hilo kwangu ni kubwa, watoto hawapiti katikati ya mashine za kamari wakienda kula.

Serahangi
Kama mnatokea Florida na kurudi, mwangalie viza ya Marekani ni ya kuingia zaidi ya mara moja. Nimeshuhudia familia ikizuiwa gatini, masanduku yameshapandishwa.

BabaWawili
Asante mkuu, zetu ni za mara nyingi. Shangazi, mke wangu ameona picha za mifuko ya kitambaa imening'inia milangoni Disney. Ni ya nini?

Shangazi_T
Aa, hiyo! Kando ya kila mlango kuna kindoano cha chuma. Abiria wanatundika mifuko waliyoshona wenyewe, mnajiunga kwenye kikundi kabla ya safari, kila familia inapita kuwatilia wenzake vizawadi. Mtoto akitoka asubuhi anakuta kitu kutoka kwa mtu asiyemjua. Mwambie mkeo ashone mifuko mirefu, mifupi vitu vinadondoka. Mfuko mmoja kwa kila mtu wa chumba.

DadaMkubwa
Na itengenezwe kwa kitambaa kizito. Mimi nina cherehani, akitaka kipimo nitampa.

BabaWawili
Atafurahi sana dada. Basi itabidi mifuko mitano, maana mama yangu naye tunakuja naye.

MamaPacha
Mama yako? Mbona hukusema tangu mwanzo? Anatembea mwenyewe au anatumia kiti cha magurudumu? Vyumba vyenye milango mipana ni vichache kwenye meli yoyote na ndivyo vinavyoisha kwanza.

BabaWawili
Anatembea, ila kwa fimbo, na ngazi zinamchosha. Yeye ndiye anayetaka chumba chenye baraza, anasema hawezi kwenda baharini asiione bahari.

Serahangi
Basi mpigie wakala leo, usingoje Ijumaa. Muulize ana vyumba gani viwili vilivyopakana, katikati ya meli, karibu na lifti, kimoja kiwe na baraza. Fanya hivyo kwa meli zote mbili, kisha uturudie na namba za vyumba tuzitazame kwenye ramani.