Asiye na dini anaweza kuwa mtu mwema?

Mkazi wa Manzese: Nauliza kwa dhati. Jana nimenunua kilo 2 za maharage sokoni kwetu. Redio ya muuzaji inahubiri, naye kidole gumba kakilaza ukingoni mwa sahani ya mizani. Nyumbani, kwa mizani ya jirani, kilo 1.7. Jirani huyo haswali wala haendi kanisani, na nikisafiri ufunguo wa nyumba namwachia yeye. Sasa wema unatoka kwenye dini, au mtu anauchagua mwenyewe? Wauza nafaka wengi ndivyo walivyo, ibada mdomoni tu.

Mama Nafaka: Hao "wengi" umewahesabia wapi? Naletewa gunia lina mawe na makapi, napepeta mwenyewe, hasara ni yangu. Na mizani yangu ina stika ya Wakala wa Vipimo. Usituchafue.

Ustadhi wa Temeke: Kosa la mtu usiibebeshe dini. Kurani ina sura nzima, ya 83, inayoanza na ole kwa wapunjaji. Na kwenye Al-Baqara, aya ya 256, hakuna kulazimishana katika dini. Uhuru umo humo humo.

Mlei wa Kimara: Hata Mithali 11:1, mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Ila shehe, kauliza habari za jirani, mbona tunamkwepa?

Ustadhi wa Temeke: Wema wake hauna mzizi. Leo anatunza ufunguo, kesho je?

Mkazi wa Manzese: Kesho je nini? Mke wangu alishikwa na uchungu saa tisa usiku, mimi niko safarini, ni yeye aliyemkimbiza hospitali na bajaji yake. Hakutaka hata ya mafuta. Usimseme mtu usiyemjua.

Kijana wa Sinza: Ibara ya 19 ya Katiba inasema imani ni hiari ya mtu. Na wanachama wa TANU, chama kilichodai uhuru, walikuwa na ahadi, "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa." Waislamu, Wakristo, wasio na dini, wote waliitamka ileile. Hicho ndicho kilichopotea.

Mama Nafaka: Katiba haipimi maharage. Bado nasubiri jibu la hao "wengi".

Dereva wa Fuso: Mnahangaika na dole gumba wakati viazi vya Njombe vinakuja lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu ili libebe zaidi! Sheria inasema lisizidi kilo 100. Mkulima analipwa gunia moja, tajiri anayelinunua anaondoka na kilemba chote. Na hao matajiri safu ya mbele ibadani nawaona.

Mama Nafaka: Viazi siuzi mimi.

Mkazi wa Manzese: Mama, neno "wengi" nalifuta. Ni mmoja, na hasira zilinipeleka. Niwie radhi.

Mama Nafaka: Nimepokea, mwanangu. Ila mizani ya huyo jirani, nayo ina stika?