Córdoba na mama: tulale huko au turudi siku hiyo hiyo?

BintiPemba
Asalaam alaykum jamani. Panapo majaaliwa, mwezi wa nne nampeleka mama Hispania, tutafikia Sevilla. Msikiti wa Córdoba ameusikia tangu utoto wake na hamu yake yote iko huko. Shoga yangu anasema twende asubuhi turudi jioni, maana treni ya mwendo kasi haichukui hata saa nzima. Ila mama magoti yanamsumbua, na nyama isiyochinjwa kihalali hagusi. Mnanishauri nini?

MzeeWaReli
Waalaykumu salaam mwanangu. Laleni huko. Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili na nusu mpaka saa tatu na nusu asubuhi, Mezquita, yaani huo msikiti, huingiwa bure, makundi ya watalii hayajaanza, na ndani mnasikia nyayo zenu. Hakikisha ratiba yao kabla ya kwenda, siku za ibada hubadilika.

Mama asikimbilie mihrabu. Asimame kwanza upande wa zamani, ulioanzwa na amiri Abd al-Rahman wa Kwanza mwaka 785, atazame vichwa vya nguzo: hiki kina majani, cha jirani yake kingine kabisa. Nguzo nyingi za pale zilitolewa kwenye majengo ya Warumi na ya Wavisigothi, waliotawala Hispania kabla ya Waislamu. Zilikuwa fupi, dari lingekuwa chini mno, ndipo mafundi wakapandisha tao juu ya tao, tofali jekundu kwa jiwe jeupe. Zimebaki nguzo 856. Baada ya hapo ndiyo mwende kwenye mihrabu ya khalifa al-Hakam wa Pili, mkaone maandishi ya dhahabu.

Mji ulitekwa na Wakristo mwaka 1236, msikiti ukafanywa kanisa, na kanisa kubwa lililo katikati yake lilianza kujengwa 1523. Kuswali humo ndani hakuruhusiwi, walinzi wako macho. Mwambie mama mapema, mkiwa bado nyumbani. Mimi liliniuma sana, na bado nasema aende.

JikoniKwaZai
Dada, kuhusu chakula usihofu. Salmorejo ndiyo yao: nyanya, mkate, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni, vinasagwa mpaka viwe vizito kama uji wa mgonjwa, huliwa baridi. Juu huweka yai na vipande vya jamón, yaani nguruwe, kwa hiyo sema “sin jamón” wakati wa kuagiza. Mabiringanya ya kukaanga yenye asali ya miwa, “berenjenas con miel”, mama atayapenda. Samaki wapo. Flamenquín ni nguruwe. Rabo de toro ni mkia wa ng'ombe, lakini hupikwa kwa mvinyo, achaneni nao.

Migahawa mingi hufunga jiko kama saa kumi alasiri, na chakula cha usiku si kabla ya saa mbili na nusu. Bebeni tende.

BintiPemba
Allah awalipe kheri. Na Medina Azahara, yale magofu ya mji wa makhalifa, ataweza?

MzeeWaReli
Ni kilomita 8 hivi nje ya mji, mlimani, na ngazi na miteremko ni mingi. Kwa magoti hayo, hapana. Mpeleke jioni kwenye Daraja la Kirumi, ni tambarare, magari hayapiti. Chumba msichukue ndani ya vichochoro vya Judería, mtaa wa zamani wa Wayahudi, kokoto zile zitamchosha. Tafuteni upande wa kituo cha treni, kwenda msikitini mpande teksi.